Goti Halikuwa na Kosa

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Bur Dubai.

Kumepoa. Ni ule wakati wa mwaka ambao mji huu unakuwa wa watu, unafungua dirisha asubuhi na unaingia upepo badala ya moto wa tanuri. Kila niliyepishana naye njiani leo alikuwa na uso mkunjufu. Mimi nimekaa kitandani na koti la kazini bado mwilini, nakosea herufi kila neno.

Naogopa. Naliandika hilo kwanza, kabla sijapata muda wa kulipamba.

Mnaonisoma humu bloguni siku nyingi mnanijua: Rukia wa milima. Binti wa Kisauni, Mombasa, anayesimama mapokezi kwenye hoteli moja ya Al Mankhool siku sita za wiki, na siku ya saba yuko Hatta anapanda majabali na kundi la watu wa pwani, ambao nusu yao wanakuja kwa sababu ya pilau ya baadaye. Mwaka jana nilikwenda Nepal, kwenye milima ya Himalaya, ile njia ya siku nyingi inayopanda hadi kambi ya chini ya Everest. Sikufika. Niliandika hapa hapa kwamba goti limenisaliti. Mkanipa pole nyingi, na wengine mkanitajia mafuta ya kuchulia.

Goti langu halikuwa na kosa lolote.

Nitaeleza, lakini lazima nianze na Saumu.

Saumu ni mtoto wa Likoni. Ana miaka ishirini na saba, anauza manukato dukani upande wa Deira, na tunalala chumba kimoja, kitanda chake juu, changu chini. Ana mdomo, wallahi. Mtu anaingia dukani kuuliza njia ya choo, anatoka na chupa mbili za udi. Mimi nimempita miaka saba, kwa hiyo ananiita Da Rukia, hata tukigombana. Alipoona picha zangu za Nepal aliapa kwamba naye ataenda, na mwaka mzima amefanya mazoezi nyuma yangu huko Hatta, akilalamika kila hatua na kufika kileleni kila mara. Siku kumi zilizopita nilimsindikiza uwanja wa ndege.

Leo alfajiri nimemaliza kuswali, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwake, dakika mbili. Yuko Lobuche, kijiji cha nyumba chache za wageni, karibu mita elfu tano juu ya bahari. Imebaki siku moja tu afike kambini.

Niliusikiliza nimesimama, mswala mkononi.

"Da Rukia, alhamdulillah, mimi mzima kabisa. Kichwa kidogo tu, lakini alhamdulillah. Hebu fikiria, zipu imenishinda leo, vidole vimekuwa vivivu. Na nikitembea naona kama niko juu ya feri ya Likoni." Hapo akacheka. "Saa mbili na nusu tunaondoka. Mimi mzima, alhamdulillah. Nikwambie, zipu imenishinda leo..."

Akaieleza ile zipu upya, tangu mwanzo, kama kwamba hajaitaja.

Mara ya pili niliusikiliza nimekaa chini.

Saumu huongea kama cherehani. Leo maneno yake yalikuwa yakijikokota, na kati ya neno na neno kulikuwa na nafasi ambayo hakuijua. Mtu mwingine angesema ni uchovu, ni baridi, ni mtandao mbovu. Mimi niliijua sauti ile. Nimewahi kuwa ndani yake.

Basi nisikilizeni. Mwaka jana, katika kijiji hicho hicho, niliamka asubuhi nikavaa soksi mbili kwenye mguu mmoja, kisha nikakaa robo saa nikitafuta chini ya kitanda soksi ya mguu wa pili. Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nimeumwa kichwa siku mbili, kichwa cha kupasuka, na sikumwambia mtu. Mwongozaji wetu, mzee mmoja mpole, alipita kila asubuhi na kidaftari chake. Habari yako? Nzuri, alhamdulillah. Anaandika, anakwenda kwa mwingine.

Watu wa kwetu mtanielewa hapa. Kwetu salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Hujambo, sijambo. Za nyumbani, njema. Za watoto, salama. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako na bado utajibu salama, halafu ndipo utasema, ila tu jikoni mwashika moto. Habari yenyewe huja baada ya "ila". Aliyekusalimu anajua hivyo, anangoja, haondoki. Yule mzee wa watu hakujua. Aliuliza mara moja, akasikia nzuri, akafunga daftari. Mimi nikabaki na "ila" yangu mdomoni siku mbili nzima.

Na nisijisingizie adabu peke yake. Kiburi kilikuwepo, tena kingi. Katika kundi letu mwanamke Mwafrika nilikuwa peke yangu. Kila tulipofika watu walitaka kupiga picha na mimi. Ningerudishwaje mimi, mbele ya Wajerumani wastaafu wenye fimbo mbili mbili?

Mzee ndiye aliyeniona na zile soksi. Hakuniuliza tena habari. Alinishika mkono akanitoa nje, akachora mstari kwenye udongo, akaniambia niufuate, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu nilianguka kama gunia la mchele. Kumbe ubongo ulikuwa umeanza kuvimba. Kule juu hewa ni haba, na mwili ukipandishwa haraka kuliko unavyoweza, hilo hutokea. Unalewa bila kunywa. Hujui kwamba umelewa. Halafu unasinzia, na wapo wasioamka.

Walinishusha mgongoni mwa mpagazi mwembamba kuliko mimi, nikimtapikia shingoni njia nzima. Nilipopata nafuu huko chini, jambo la kwanza lililonijia kichwani, astaghfirullah, halikuwa kumshukuru Mungu wala kumwomba radhi yule kijana wa watu. Lilikuwa: nitawaambia nini Dubai?

Goti. Goti ni maradhi ya heshima.

Sasa lile linaloniuma kuliko yote. Uwanja wa ndege, tuko kwenye foleni ya mizigo, Saumu aliniuliza, "Na kichwa kikiniuma huko?" Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Ningeingia tu. Badala yake nikamwambia kila mtu huumwa kichwa, ni kawaida, kunywa maji. Nikamwambia usimweleze mwongozaji kila kitu, wale wakishikwa na woga watakurudisha kama kifurushi. Nilimwambia hivyo kwa kuwa ningesema "sema mara moja", angeniuliza nimejuaje.

Ndiyo. Mimi huyu. Nilimfundisha kunyamaza ili nisiulizwe swali.

Alfajiri ya leo, ujumbe ulipoisha, ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nepal wametutangulia saa moja na dakika arobaini na tano, kwa hiyo saa mbili na nusu yao ya kuondoka ilikuwa saa moja kasorobo yetu. Nilimpigia Saumu, haipatikani. Nikampigia tena na tena, haipatikani. Ofisi iliyopanga safari, Kathmandu, simu iliita tu. Namba ya mwongozaji sikuwa nayo, na kwa nini niwe nayo, si nilikuwa mjuzi?

Ndipo nikamkumbuka Mingma.

Mingma ni mlinzi wa usiku hotelini kwetu, mtu wa milima ile ile, na ndiye aliyenitafutia safari yangu na ya Saumu. Pasang, mwongozaji wa Saumu, ni mtoto wa mamake mdogo. Lakini walinzi wakiwa zamuni simu zao hufungiwa kabatini, na simu ya mapokezi nilipoipiga haikushikwa. Basi lao huwachukua saa kumi na mbili na nusu, na wakishapanda wanalala kama mawe hadi kambi yao ya wafanyakazi, nje kabisa ya mji. Nikivaa koti la kazi nilikuwa nasema peke yangu, ya Rabi, basi lisiondoke, basi lisiondoke.

Nilikimbia. Mimi ninayewaambia wenzangu Hatta wasikimbie, nilikimbia kwa makubadhi barabara nzima, nikapita maduka ya vitambaa yamefungwa, nikakata kona karibu nigongwe na mtu wa baiskeli mwenye mikate. Pumzi zilinikatika. Nilikuwa nafikiri, hapa chini hewa ni tele na bado siipati.

Nilimkuta Mingma mguu mmoja uko kwenye ngazi ya basi.

"Didi!" akasema. Ndivyo anavyoniita, dada kwa lugha yao. "Habari za asubuhi?"

"Mbaya," nikasema. "Mingma, mbaya. Saumu ana ugonjwa wa mlima na hajui, na Pasang hajui, na wanaondoka sasa hivi kupanda."

Maisha yangu yote sijawahi kujibu salamu hivyo. Walinzi walioketi madirishani waligeuka wote. Mingma alinitazama, akauliza taratibu nimejuaje, maana mimi niko hapa na yeye yuko kule. Nikamwambia. Soksi, mstari, mgongo wa mpagazi, vyote, mbele ya watu kumi na tano waliochoka na zamu ya usiku kucha. Dereva akapiga honi. "Yalla, yalla!" Mingma akashusha mguu wake. "Khalas, nenda," akamwambia. Basi likaondoka bila yeye.

Alipiga mara ya kwanza, haikushikwa. Mara ya pili, haikushikwa. Nilikuwa naiangalia saa ya ukutani mwa mapokezi kupitia kioo, kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Mara ya tatu sauti ikaja, na upepo mwingi nyuma yake.

Waliongea lugha yao. Niliona uso wa Mingma ukilegea kidogo, nikajua ameambiwa nini. Akaiziba simu kwa kiganja. "Anasema amemuuliza asubuhi hii. Amesema yuko sawa. Amesema alhamdulillah mara tatu."

Nikampokonya simu. Sijui nilitumia lugha gani, Kiingereza na Kiarabu cha hapa na sijui nini. Nilimwambia Pasang, usimuulize. Usimuulize kitu, atakujibu mzima hata akiwa kaburini, ndivyo tulivyolelewa. Mtoe nje. Mchoree mstari atembee juu yake, kisigino kwa vidole.

"Didi, mizigo imeshafungwa, wenzake wanangoja."

"Wangoje!" Nilipiga ukelele hadi bwana mmoja aliyekuwa akivuta sigara mlangoni akaizima.

Akaenda. Hakukata simu. Nikasikia viatu juu ya mawe, kengele za wanyama, mtu akicheka mbali. Nikasikia sauti ya Saumu, ya kivivu, "Niko sawa, niko sawa, mwanitaka nini?" Halafu hatua, moja moja. Mingma alikuwa amenishika kiwiko na sikujua ni lini amenishika.

Kikasikika kishindo kidogo. Mtu akasema "ooh", kama watu wanavyosema sahani ikianguka.

Pasang aliporudi kwenye simu hakuwa yule kijana wa kuharakisha mizigo. "Didi," akasema, "ameanguka hatua ya nne. Na anacheka. Hataki kuinuka, anacheka tu." Kisha akasema wanashuka sasa hivi, atatafuta farasi, na laini ikakatika.

Wale wanaoijua hofu watanielewa nikisema kwamba nilitamani awe amekosea. Nilitamani iwe ni utelezi, ni kiatu. Nilikuwa tayari kuchekwa Dubai nzima.

Saa moja madam, meneja wetu, alinikuta mapokezi nimesimama mahali pangu. Akaniangalia miguu, makubadhi yamejaa vumbi. "Rukia, u mzima?" Nikajibu, "Mzima, madam." Unaona? Hata baada ya yote hayo. Ulimi una njia yake.

Sijui asubuhi ilipitaje. Wageni walikuja, nikachukua pasipoti, nikatoa funguo, nikaonyesha lifti. Karibu, karibu, chumba chenu kinatazama barabara. Mingma hakwenda kulala. Alikaa kwenye kiti cha ngozi pale ukumbini na sare yake, simu mapajani, na kila nilipomtazama alitikisa kichwa: bado. Madam alitaka kumwondoa, mlinzi hakai viti vya wageni. Nikamwambia madam akimwondoa yeye, na mimi natoka. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Madam naye sijui aliona nini usoni mwangu, maana aligeuka akaenda zake ofisini.

Akili yangu ilikuwa kule njiani. Naijua njia ile, kila jiwe. Kuna mteremko wenye changarawe ambapo hata mzima huteleza. Kuna mahali pana mawe yamepangwa kuwakumbuka waliofia mlimani, yana majina, na lazima ushuke katikati yake. Mwaka jana nilipitishwa hapo macho nusu wazi nikayaona yakienda moja moja. Leo niliyaona tena yote nikiwa nagonga muhuri wa risiti.

Saa tano ukaingia ujumbe kutoka Likoni. Mamake Saumu. "Mwanangu Rukia, hujambo? Saumu hajambo? Leo sijasikia sauti yake."

Nikaandika: Sijambo mama, Saumu hajambo. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Nikafuta. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango, nikampigia.

"Hujambo mwanangu? Za huko? Za kazi?" Na mimi kimya. Mama wa watu hakuhitaji zaidi. Alisikia ile nafasi ambapo ilipaswa kuwepo "njema", na sauti yake ikabadilika pale pale. "Sema. Sema, mwanangu, niko nimekaa."

Nilimwambia ni mgonjwa, wanamshusha, sijui yuko katika hali gani. Akauliza, "Huko kwenye milima nani alimpeleka?"

"Mimi, mama."

Sikusema zaidi ya hilo. Hilo lenyewe lilinitoka kwa shida. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake redio na kuku. "Mrudishe," akasema. "Mimi sijui milima. Nakuamini wewe. Nirudishie wewe mwenyewe." Akakata.

Nakuamini wewe. Afadhali angenipiga kofi.

Karibu saa saba Mingma alisimama kwenye kile kiti. Nikauweka muhuri chini. Alikuja hadi kwenye meza. Pasang ametuma ujumbe: wamefika kijiji cha chini chenye zahanati. Saumu alipandishwa farasi akiwa amefungwa kwa shali ili asianguke, na mpagazi upande huu na Pasang upande ule. Amewekewa oksijeni, amechomwa sindano. Amelitaja jina lake alipoulizwa. Siku ameikosea. Wingu limeshuka, helikopta haiwezi kuja leo. Kesho asubuhi, inshallah, kama kutapambazuka kweupe. Daktari amesema wangepanda saa moja nyingine, asingeahidi kitu.

Nilikaa chini nyuma ya meza, pale mgeni asipoweza kukuona, nikalia. Mingma alisimama mbele akiwapokea wageni kwa niaba yangu. Karibuni, karibuni, dada anakuja.

Kisha nikamwambia aende akalale. Akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Akasema, "Didi, sisi hao wanaoanguka tunawajua kila mwaka. Ambao hatuwajui ni ninyi mnaorudi na kusema ni goti." Hakulisema kwa ubaya. Alitafuta kofia yake akaenda kupanda metro.

Nimefika nyumbani jua likizama. Kitanda cha juu kiko wazi, shuka limetandikwa vile alivyoliacha, na khanga yake iko kwenye ngazi. Sikuweza kukitazama sana. Nimeswali magharibi, na nilikuwa bado nimekaa pale pale simu ilipolia, kwa ile programu ya kupigia ambayo haijafungiwa huku Dubai, na jina ni lake.

"Umeniharibia, Da Rukia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Taratibu, mazito, lakini kila moja mahali pake. Sikuwahi kusikia matusi matamu vile.

"Ilibaki siku moja," akasema. "Siku moja! Mwaka mzima nimepanda mawe yako ya Hatta, halafu wewe umekaa zako Dubai wapiga simu, nashushwa juu ya farasi nimefungwa kwa shali kama mzigo wa kuni. Watu walinipiga picha."

"Pole."

"Pole ya nini. Kichwa chaniuma." Akapumua. Nilisikia ile oksijeni ikivuma kidogo kidogo, sauti ya birika kabla halijachemka. Halafu akauliza, na nilijua tangu alfajiri kwamba ataniuliza. "Lakini ulijuaje? Pasang amekaa na mimi siku nane hakujua. Wewe umenisikia dakika mbili."

Nikamwambia.

Sikuacha kitu. Nilimwambia kichwa cha siku mbili, soksi, mstari, mpagazi. Nilimwambia goti nililitunga ndani ya ndege ya kurudi, na hata mguu upi unaoumia nilichagua hapo, nikaandika kwenye simu nisije nikasahau. Nilimwambia kwa nini nilimjibu vile kwenye foleni ya mizigo.

"Na ukaniacha nije?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyapanga mchana kutwa. Kwamba sikujua litampata na yeye. Kwamba si kila mtu huugua. Kwamba ni aibu, ni utu uzima, ni watu. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuacha uje."

Nilingoja akate. Ningekuwa mimi ningekata.

"Nimekukasirikia," akasema baadaye. "Tena nitakukasirikia siku nyingi, usidhani ni leo tu." Nikamsikia akivuta blanketi. "Nesi huja kila baada ya saa moja kunitikisa. Pasang amelala hapo chini, hoi, maskini. Nje kweusi na baridi. Da Rukia, mimi naogopa kusinzia. Usikate simu."

Sijakata. Nimeiweka juu ya mto na sauti nimeifungua hadi mwisho, na ndiyo maana naandika, ili na mimi nisikae bure na mawazo. Namsikia akipumua. Kila baada ya dakika chache namwita jina lake, naye huitika "mm" ya kuudhika. Mamake nimemtumia ujumbe, nimemweleza kila kitu sasa, na goti pia. Ameusoma. Hajajibu, na sitamlaumu.

Sijui kama kesho kutakucha bila mawingu. Sijui wingu la kule linahusiana vipi na la huku, lakini nimefungua dirisha mara tatu kutazama mbingu ya Bur Dubai kama mjinga.

Nimemwita sasa hivi. Hajaitika.

Nimemwita tena.

Nimemwita kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta.

"Nipo," amesema. "Nipo, Da Rukia. Na bado nimekasirika."